Bendera niliishika mimi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mbio za magari Kanda ya Ziwa

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Naandika kutoka Igoma, Mwanza. Mimi ni fundi wa magari, na kwa miaka saba nimejitolea kushika bendera na redio kila mbio za magari zinapoletwa huku kwetu. Sijawahi kudai zaidi ya maji na chakula cha mchana, na barua hii haihusu posho. Inahusu gari moja jeupe lililopita mbele yangu mwaka juzi. Nililitolea bendera nyekundu, dereva akatii, na jioni utii wake ukamnyang'anya nafasi ya pili.

Nieleze lilivyokuwa, maana jambo hili likisemwa nusunusu linageuka umbea wa kijiweni.

Kituo changu kilikuwa katikati ya kipande cha kilomita 18, yaani sehemu ya njia ambayo kila gari hupimwa muda wake, barabara ya vumbi upande wa Misungwi, mashamba ya pamba mkono huu na mawe makubwa mkono ule. Magari yaliachiwa moja moja, kila dakika mbili. La sita lilinipita vizuri, halafu likapinduka mtaroni kama kilomita tatu mbele yangu. Redio ikaita: toa nyekundu. Nikasimama pembeni nikaitandaza. La kwanza kutokea lilikuwa lile jeupe. Navigeta, yule anayekaa pembeni ya dereva akimsomea njia, akanionyesha dole gumba kwamba ameiona, dereva akapunguza mwendo pale pale. Baada ya dakika mbili likaja la bluu, nalo likatii. Yote mawili yakaenda taratibu mpaka mwisho wa kipande. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu huko mbele kuna watu wanatolewa ndani ya gari, na gari la wagonjwa linaweza kuwa limesimama katikati ya njia. Nikaandika kwenye daftari langu namba za magari na saa.

Aliyeonyeshwa nyekundu hatakiwi kuumia kwa kwenda polepole. Waamuzi humpa muda wa makadirio, ule wanaouona kuwa wa haki, kana kwamba alimaliza kipande kwa mwendo wake wa kawaida. Jioni, kwenye uwanja wa hoteli, matokeo yakasomwa kwa kipaza sauti. Gari la bluu lilipewa muda wa makadirio. Jeupe likaachiwa muda wake wa polepole, karibu dakika nne zaidi. Dereva akauliza sababu. Akajibiwa kwamba hakuna taarifa kuwa alionyeshwa bendera.

Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka pale. Bendera niliishika mimi. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Nilipojisogeza mezani nikaambiwa mshika bendera hahusiki na matokeo.

Dereva akataka kuweka pingamizi. Kanuni inamruhusu: ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe, kwa maandishi, pamoja na ada. Lakini matokeo yalisomwa tu, hayakubandikwa popote, na hapakuwa na saa iliyoandikwa. Fomu aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza. Yule bwana ni mtu wa Sengerema, amejifunza mwendo kwenye malori ya mizigo, Kiswahili chake kimenyooka na hesabu zake za kona ni kali kuliko za wengi waliosoma. Kiingereza hana. Mpaka akapatikana mtu wa kumjazia, akaambiwa muda umekwisha. Akauliza, dakika 30 kuanzia saa ngapi? Hakuna aliyeweza kumjibu.

Simtuhumu mtu kuiba. Naamini kabisa aliyekaa mezani jioni ile alikuwa amechoka, karatasi zimemjaa, simu inaita, na wadhamini wanataka kombe litolewe kabla giza halijaingia. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoweka utaratibu na simwandikii yeye. Mtu mwema aliyechoka, asiye na karatasi ya kumkumbusha, atakosea. Na mwaka kesho atakosea mwingine.

Baada ya siku ile nilimwomba mpwa wangu anayesoma chuo huko Nyegezi anisomee kanuni za mbio za aina hii za FIA, shirikisho la mbio za magari la dunia. Tulikaa usiku wa siku mbili, yeye anasoma, mimi nauliza. Tukafika kwenye bendera nyekundu. Imeandikwa waziwazi kwamba saa bendera zilipotolewa itaandikwa, na msimamizi mkuu wa mbio ataipeleka taarifa hiyo kwa waamuzi. Nilimwambia arudie mara tatu. Kumbe dawa ya maumivu ya yule dereva ilikuwepo siku zote. Ilikuwa kwenye lugha ambayo nusu yetu tunaosimama kwenye vumbi hatuisomi. Hakuna aliyenielekeza kwamba saa niliyoiandika kwa akili zangu inatakiwa kufika mezani. Kama si tabia ya fundi ya kuandika kila kitu, hata hiyo isingekuwepo.

FIA huandika kanuni zake kwa Kifaransa na Kiingereza. Sawa, ni lugha zao. Sisi tunapochukua kanuni hizo na kuongeza zetu za nyongeza kwa kila mashindano, hakuna anayetuzuia kuziandika kwa Kiswahili. Na ombi langu la kwanza ni hilo: kanuni za kila mashindano yanayofanyika Mwanza, Geita, Mara, Simiyu au Kagera ziandikwe kwa Kiswahili, zitolewe wiki mbili kabla, na kila mshika bendera apewe ukurasa unaomhusu.

Wapo watakaosema tafsiri italeta utata. Mimi nimeona kinyume chake, na nimeona kwa tukio ambalo wengi wenu mnalikumbuka.

Jumapili ya tarehe 12 Desemba 2021 tulikuwa tumebanana kwenye kibanda umiza hapa Igoma, tunaangalia mbio za mwisho za Formula 1 kutoka Abu Dhabi. Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia siku ile wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza karibu muda wote. Kwenye mzunguko wa 53 kati ya 58, dereva mwingine, Nicholas Latifi, akagonga ukuta, likatoka gari la usalama, lile linalotangulia magari yote yaende taratibu. Verstappen akaingia kubadili matairi, Hamilton akabaki na ya zamani. Kati yao palikuwa na magari matano yaliyokuwa yamezidiwa mzunguko mzima, na kwa jumla uwanjani magari ya namna hiyo yalikuwa manane. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akayaruhusu yale matano tu yapite mbele, Verstappen akabaki nyuma tu ya Hamilton. Kanuni ilisema gari la usalama litaondoka mwishoni mwa mzunguko unaofuata baada ya magari hayo kupita. Likaondolewa mapema, mzunguko mmoja wa mashindano ukabaki, na Verstappen mwenye matairi mapya akampita Hamilton akawa bingwa.

Kibanda kizima kilisimama. Wengine wanashangilia, wengine wameshika vichwa. Mimi nilikuwa namshabikia Verstappen, nalisema hili ili msidhani nalilia upande wangu. Nilifurahi, na usiku sikulala vizuri.

Mercedes, timu ya Hamilton, iliweka pingamizi na waamuzi wakalikataa. Hoja mojawapo iliyoletwa dhidi yao ilihusu neno moja. Kanuni ilizungumzia magari yaliyozidiwa mzunguko kwa neno la Kiingereza, "any", ambalo upande mmoja ulilisoma kuwa "magari yote" na upande wa pili ukasema hapana, maana yake ni "magari yoyote". Mwaka uliofuata FIA ikabadilisha neno hilo ili pasiwe na shaka tena kwamba ni yote. Ripoti yao ya Machi 2022 ilikiri kwamba palikuwa na kosa la kibinadamu, ikasema pia mkurugenzi alitenda kwa nia njema, na matokeo yakabaki yalivyo. Masi alikuwa ameshaondolewa kwenye nafasi yake mwezi mmoja kabla.

Sasa sikilizeni kilichonikaa kichwani. Mpwa wangu alipojaribu kunitafsiria kanuni ile, alikwama pale pale. Aliandika "magari yote", akafuta, akaandika "magari yoyote", akafuta, akaniangalia. Kwa Kiingereza neno lilipita miaka yote bila kelele. Kwa Kiswahili halikupita hata dakika moja, kwa sababu sisi lazima tuchague: yote au yoyote. Silabi moja inaamua kama mkurugenzi ana amri juu ya magari manane au ana hiari ya kuchagua matano. Kama mtu angeketi kuitafsiri kanuni ile mwaka mmoja kabla, angelazimika kuuliza, na swali lingeulizwa wakati hakuna anayeumia.

Kutafsiri ni ukaguzi. Kama tunavyolipandisha gari juu tukalikagua chini kabla ya mbio, na kanuni nayo ipandishwe juu. Kuna kale kaneno ka Kiingereza, "may", ambako kwetu kanaweza kuwa "ana uwezo", "ana ruhusa" au "akipenda". Kila kanapotokea kwenye kanuni, mtafsiri atalazimika kuwauliza: mwamuzi atampa dereva muda wa makadirio, au akipenda atampa? Yule wa gari jeupe alianguka katikati ya maneno hayo mawili.

Ombi la pili. Kila uamuzi wa waamuzi uandikwe, hata kama ni mistari mitano: gari namba fulani, tukio fulani, saa fulani, kanuni fulani, nani alisikilizwa, tumeamua hivi kwa sababu hii. Sahihi, saa, na ubandikwe ubaoni. Kwenye Formula 1 karatasi za namna hiyo hutoka kila siku ya mbio na mtu wa Igoma mwenye simu anaweza kuzisoma. Mwaka 2025 FIA ikaenda mbali zaidi, ikaweka hadharani mwongozo wake wa adhabu, kosa lipi lina uzito gani, ambao kabla ya hapo mashabiki hatukuwa tukiuona. Haikumaliza ubishi, na sidhani kuna kitakachoumaliza. Lakini sasa ubishi una kitu cha kushika.

Na aliyeona kwa macho yake asikilizwe. Hili sitalizungusha. Mshika bendera, mwenye redio, mtunza muda, ndio macho ya waamuzi kule wasikofika. Daftari zetu zikusanywe kila kipande kinapofungwa, zipelekwe mezani kabla ya matokeo kusomwa. Gharama yake ni daftari na kijana mmoja wa pikipiki.

Nafahamu kwamba desturi yetu ya kushindana haikuanza na magari. Pale Bujora, Kisesa, kila Juni kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, hucheza wakishindana, kila kundi na manju wake, na ushindi ni wa kundi lililovuta watu wengi zaidi. Nimekwenda tangu utoto. Hata aliyeshindwa anaona mwenyewe watu wanavyohama kutoka upande wake kwenda ule mwingine, hahitaji kuambiwa. Mbio za magari hazina bahati hiyo. Kilomita 18 za vumbi hakuna anayeziona zote. Kila mmoja wetu anaona kona yake. Kwa hiyo karatasi ndiyo inayokusanya yale tuliyoyaona mmoja mmoja, na bila karatasi tunabaki na neno la aliyeshika kipaza sauti.

Kuna jambo ambalo tunaweza kulipunguza bila hata kuhitaji mwamuzi. Madereva wetu wanakata kona. Wanaingia mashambani, wanapita ndani ya alama, kisha jioni tunabishana nani alikata na nani hakukata. Kwenye Formula 1 ya Austria mwaka 2023 walipata tabu hiyo hiyo kwa kiwango cha kutisha: katika mbio moja kulikuwa na taarifa zaidi ya 1,200 za magari yanayodhaniwa kuvuka mstari wa njia, waamuzi wakazidiwa, na saa kadhaa baada ya mbio kumalizika adhabu mpya zikabadilisha matokeo. Mwaka uliofuata waliweka ukanda wa kokoto kwenye kona sumbufu. Dereva anayetoka nje anapoteza muda mwenyewe, hapo hapo, na hakuna wa kumlalamikia. Sisi tumezungukwa na mchanga wa ziwa na mawe yasiyo na idadi. Viroba vya mchanga kumi kila kona ya ndani, vilivyopangwa kwa usalama na kuonyeshwa kwa madereva wanapopita kabla ya mbio kuandika noti zao za kona, vitatupunguzia nusu ya kesi za jioni. Tena vitaokoa pamba ya watu. Wenye mashamba hawana kipaza sauti cha kulalamikia.

Na ng'ombe. Wageni wanaweza kucheka, sisi wenyeji hatucheki. Usukumani kundi la ng'ombe linaweza kuingia barabarani hata kama kijiji kimetangaziwa wiki nzima, kwa sababu mchungaji ni mtoto wa miaka kumi na ng'ombe wana kiu. Enzi zile Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilipokuwa ikikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, timu kubwa zilikuja kuwa na helikopta za kutangulia kuangalia njia. Hatuna helikopta. Tunaweza kuwa na aya moja kwenye kanuni za nyongeza inayosema: dereva akisimamishwa na mifugo, nani anathibitisha, na anapewa nini. Leo hakuna aya hiyo, kwa hiyo anayejuana na meza anasikilizwa haraka kuliko asiyejuana nayo.

Hapo nimefika pagumu. Dunia ya magari Kanda ya Ziwa ni ndogo. Mwamuzi anauza spea, dereva ananunua kwake. Mkaguzi wa magari ni shemeji wa mwenye timu. Kanuni za kimataifa hazitaki mwamuzi awe na uhusiano na biashara inayoweza kufaidika na matokeo, lakini tukiifuata herufi kwa herufi hapa Mwanza huenda tusipate mtu wa kukaa mezani. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga injini ya gari lililopita mbele ya bendera yangu. Sisemi watu hawa waondolewe. Naomba kila mwamuzi atangaze kwa maandishi, kabla ya mbio, nani ni ndugu yake, nani ni mteja wake, na gari la mtu huyo likiwa na kesi ainuke mezani. Na angalau mmoja kati ya waamuzi watatu atoke nje ya kanda, Arusha, Iringa, Morogoro, popote palipo na watu waliozoea kazi hii. Nauli yake ichangwe kwenye ada za ushiriki. Madereva niliozungumza nao wapo tayari kuongeza kidogo kwa ajili hiyo.

Kuna msemo unaopendwa sana mezani: "uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho." Si kweli kwenye mchezo huu. Upo mlango wa pingamizi, upo wa rufaa, upo hata wa kuomba uamuzi uangaliwe upya ikipatikana taarifa mpya yenye uzito ambayo haikuwepo wakati ule. Milango hiyo imewekwa kwa makusudi. Mnapomwambia dereva kwamba haipo, mnamwondolea haki ambayo mchezo wenyewe umempa. Fomu za pingamizi ziwe za Kiswahili, ziwe zimechapwa tayari, na ada iwe ya kumfanya mtu afikiri mara mbili bila kumfukuza.

Nayasema haya sasa kwa sababu mchezo unakua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, vijana wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko ili waje kuangalia mbio. Nawaona kwenye kona yangu, wamepanda juu ya mawe tangu alfajiri, wanajua namba ya kila gari. Watatu wameshaniuliza wafanyeje ili na wao washindane. Wawili kati yao walikuwepo hotelini ile jioni. Mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba kutii bendera ni hasara. Ana miaka kumi na tisa. Siku moja atakuwa nyuma ya usukani, mbele yake kuna mtu amenasa ndani ya gari lililopinduka, na mimi au mwenzangu tumesimama barabarani na kitambaa chekundu mkononi.

Nilimwambia atii. Naomba na nyinyi mumwambie, kwa maandishi.

Daftari lile bado ninalo. Ukurasa una namba za magari mawili na saa zake, umeingia vumbi lakini unasomeka. Siku mtakapoita kikao cha kuandika kanuni za msimu ujao, nitakuja nalo, na mpwa wangu amesema yuko tayari kukaa na sisi kwenye tafsiri tangu aya ya kwanza.

Wenu kwenye kazi,

Mshika bendera, Igoma, Mwanza